Mgonjwa Hajiandiki

Kanisa lile lilikuwa na fomu ya kila kitu. Fomu ya ubatizo, fomu ya ndoa, fomu ya kuazima viti, na nasikia hata fomu ya kuomba fomu zikiisha. Ya wagonjwa ilikuwa ya kijani. Ilikuwa na mistari sita, na juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: MGONJWA HAJIANDIKI, WALA WA NYUMBANI KWAKE HAMWANDIKI.

Jumanne asubuhi Mama Pindo aliisoma sentensi hiyo mara tatu, amesimama mbele ya meza ya Katibu wa kanisa. Wala hakuwa na haja ya kuisoma. Aliyeitunga alikuwa mume wake.

"Unaona mwenyewe, mama," Katibu alisema, akiigeuza fomu ili asome vizuri zaidi. "Si mimi. Ni utaratibu. Na utaratibu huu kauweka Mzee Mita, tena kwa kugonga meza hii hii."

Ni kweli aligonga. Mume wa Mama Pindo alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na kwa miaka kumi na tisa hakukuwa na ua ambao hakuwahi kuingia, wala mbwa asiyemjua kwa harufu. Kwa kuwa aliingia kila nyumba, kanisa likampa kazi ya pili, ile isiyo na mshahara: kuona nani anaumwa, kumwandika, na kumpeleka mchungaji mpaka kitandani. Zamani hizo watu walijiandika wenyewe. Mtu akipiga chafya mbili anamwita mchungaji aje anywe chai, majirani waone. Wakati huohuo maskini wa Mungu amelala siku tatu hana hata wa kumtekea maji, na hakuna anayemjua. Ndipo Mzee Mita akagonga meza, na neno lake likapigwa chapa.

Sasa aliyelala ni yeye, mwezi wa saba huu. Msumari ulipenya kiatu akiwa kazini, na mwenye kisukari hajui habari za msumari mpaka aione damu kwenye soksi. Kidonda kilianza unyayoni, kikapanda kwenye kifundo, kikapanda tena. Jana daktari aliwaambia bila kuzunguka: Ijumaa mguu ukatwe chini ya goti, na ikipita Jumapili, hata kukata hakutamsaidia mtu. Mzee Mita alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa adabu, kisha akasema hatatia saini karatasi yoyote mpaka mchungaji aje nyumbani kwake. Akaomba arudishwe nyumbani.

Ndiyo maana Mama Pindo alikuwa pale, ameacha cherehani na nguo za watu.

"Kwa hiyo nifanye nini, Katibu?"

"Apatikane mtu wa nje, amwone mgonjwa, amwandike, alete hapa."

"Mtu wa nje ndiye nani?"

"Mwangalizi wa wagonjwa."

"Na mwangalizi wa wagonjwa ni nani?"

Katibu alipanga kalamu zake zikae sawa. "Ni Mzee Mita," alisema.

"Haya."

"Nafasi yake itajazwa. Baraza la wazee litakaa mwezi ujao."

"Mimi nimekwambia Ijumaa. Ijumaa hii, baba."

"Ndiyo hivyo tena, mama. Mganga hajigangi."

"Hajigangi, sawa. Lakini waliosema hivyo hawakusema wenzake wakae kando wamtazame akioza."

Neno kuoza halikumpendeza Katibu. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye leso mbili, moja ya kutumia na moja ya kuonekana. Alimwambia kwamba Mchungaji yumo kikaoni, kama anataka asubiri kibarazani. Mama Pindo akashukuru. Hajakaa vizuri, Katibu akatoka na rundo la majoho ya kwaya mikononi.

"Kwa kuwa unasubiri bure tu," alisema, "haya yamedondosha vifungo. Si unajua sindano yako tunavyoitegemea."

Mwanamke yule akashona. Mungu ni shahidi, akashona vifungo kumi na vinne, jua likimtoka begani mpaka magotini, akisema moyoni kwamba mwenye shida hachagui. Alipofika kwenye joho la mwisho, mama anayefagia kanisa alimpitia na ufagio wake, akashangaa kumkuta.

"Unamngoja nani, Mama Pindo?"

"Mchungaji. Yumo kikaoni."

"Kikao gani? Mchungaji katoka kwa mlango wa nyuma, sasa ni saa nzima."

Mama Pindo alilitazama lile joho la mwisho, akaliona jina la Katibu ukosini, kwani Katibu naye alikuwa mwimbaji. Akachagua uzi imara. Akaifunga midomo ya mikono yote miwili, mshono mdogo mdogo, wa kitaalamu, usioonekana mpaka mtu atie mkono na kuukwamisha mbele za watu. Akalikunja, akaliweka juu kabisa ya rundo, akaondoka.

*

Nyumbani alikuta mumewe ameamka, uso umeelekea mlangoni. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia: huku kitanda, huku cherehani na meza ya kukatia. Dirisha lilikuwa wazi siku nzima kwa sababu ya harufu, na bado harufu ilikuwepo. Wateja walikuwa wameanza kuzungumzia nje, na Mama Pindo alijifanya haoni.

"Umetoka wapi?"

"Sokoni."

"Umenunua nini?"

"Sikununua. Vitu ghali."

"Miaka kumi na tisa watu wananidanganya kuhusu mita zao, mama watoto. Wewe hujui kudanganya hata kidogo. Umekwenda kuniandikisha."

"Nimekwenda. Sasa?"

"Nilisema mgonjwa hajiandiki!"

"Na mimi nasema utaratibu wako huo umekuwa kamba, na shingo iliyomo ni yako! Unajua Katibu anafanya nini? Kila Jumatatu anachukua fomu ya mwisho uliyoijaza wewe, anainakili, anapiga muhuri. Majina yale yale sita, miezi saba. Mchungaji mgeni, hajui huyu wala yule, anapelekwa tu. Bibi Nyonga bado anatembelewa!"

"Bibi Nyonga si alipona?"

"Jana kanipita sokoni kabeba tikiti maji kichwani."

Mzee Mita alitaka kucheka, maumivu yakamkatiza. Alifumba macho mpaka yakapita. Mkewe alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akashika ule mguu mwingine, mzima, kwa sababu ule wa kidonda haukushikika.

"Niambie ukweli," alisema. "Utakufa kwa ajili ya mchungaji asiyekujua hata sura?"

"Sifi kwa ajili ya mchungaji. Nina neno la kumwuliza."

"Niulize mimi."

"Wewe si mchungaji."

"Mimi ndiye ninayekugeuza mara nne kwa siku. Mimi ndiye ninayekufulia. Mchungaji kanishinda nini?"

Mume aligeukia ukuta, na Mama Pindo alijua ukaidi ule, ameishi nao tangu ujana wake. Alirudi kwenye cherehani akakanyaga pedeli kwa nguvu, akashona suruali ya mtu mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, akafumua, akashona tena. Liwalo na liwe, alijiambia. Kama mchungaji hapelekwi kwa mgonjwa, atakamatwa kwa mzima.

*

Siku ya kutembelea wagonjwa ni Jumatano, saa nne, na jina la kwanza kwenye fomu ni Bibi Nyonga. Mama Pindo alifika saa tatu na nusu. Alimkuta bibi mwenyewe uani, kainama, anapasua kuni kwa shoka.

"Hodi, bibi."

"Karibu, mwanangu. Sogea kidogo, vibanzi vitakuruka."

"Nyonga inaendeleaje?"

Bibi akaliangusha shoka. Akatazama huku na huku. "Inauma," alisema.

"Bibi."

"Inauma jioni. Baridi ikiingia."

"Bibi yangu, mimi si fomu. Nina mgonjwa ndani, anakatwa mguu keshokutwa au anakufa, moja kati ya mawili. Na mchungaji anakuja kwako."

Bibi Nyonga alikaa juu ya gogo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mjane wa siku nyingi, na watoto wake waliishi ng'ambo ya simu. "Mimi sikumwita," alisema polepole. "Nilipopona nilisema nitamwambia wiki ijayo. Ikaja wiki ijayo. Anakaa pale kwenye kiti, mwanangu, ananiuliza nimeamkaje. Unajua tangu mzee wangu afariki ni nani mwingine ameniuliza nimeamkaje? Ukimwambia mtu umepona, haji tena."

Mama Pindo alikuja na hasira tayari mkononi, na sasa hakujua aiweke wapi. Kabla hajajibu, sauti zilisikika barabarani. Bibi aliruka kutoka gogoni, akaingia ndani mbio, akajitupa kitandani na viatu, akajifunika mpaka kidevuni.

"Bwana asifiwe!" Katibu aliita mlangoni.

"Amina," aliitika Bibi Nyonga kwa sauti ya mtu anayekata roho.

Aliingia Katibu na faili, na nyuma yake Mchungaji. Alikuwa kijana bado, mrefu, mabega yameinama kidogo kwa mazoea ya kupita milango mifupi. Alimwamkia bibi kwa kushika mkono wake kwa mikono miwili, akamuuliza ameamkaje, akakaa. Kisha akamwona Mama Pindo kwenye kona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mchungaji. Mimi ni mke wa Mzee Mita."

"Mzee Mita," Mchungaji alisema, akijaribu kukumbuka. "Nalijua jina. Liko chini ya kila fomu ya wagonjwa. Yeye ndiye mwangalizi wetu. Mzee hodari, kila wiki fomu iko tayari. Nimetamani kumfahamu."

Mama Pindo alimtazama Katibu, na Katibu aliitazama faili yake.

"Mume wangu hajashika kalamu miezi saba," alisema. "Yuko kitandani, mguu unaoza. Ijumaa ni siku ya kuukata, naye hataki mpaka akuone wewe. Jana nimekungoja kibarazani kwako tangu asubuhi, nimeshona vifungo kumi na vinne, wewe ukatoka kwa mlango wa nyuma."

"Sikuambiwa," Mchungaji alisema.

"Uliuliza?"

"Mama Pindo!" Katibu alisema. "Unaongea na mtumishi wa Mungu."

"Ndiyo, ninaongea naye, tena leo nimempata! Mchungaji gani anakaa anasubiri kondoo ajaze fomu? Kondoo akivunjika mguu huko porini, ataandika na nini?"

Mchungaji alikuwa amenyanyuka nusu, masikio yamemwiva. Katibu alifungua faili, akasema kwa sauti ya upole, sauti ile ya kumtuliza mtu mbele ya wageni: "Tumekusikia, mama. Tutaona namna. Leo ratiba imejaa, kuna wagonjwa sita."

"Watano!"

Wote waligeuka. Bibi Nyonga alikuwa ameitupa shuka chini. Akasimama katikati ya chumba na viatu vyake vya matope, akainua goti moja mpaka kiunoni, akalishusha, akainua la pili. "Mimi nimepona tangu mvua za kwanza, Mchungaji. Nisamehe. Nilikuwa napenda tu uje. Haya, nifute, mwandike mzee wa watu. Mimi ni mtu wa nje, si wa nyumbani kwake, namwandika mimi! Katibu, lete hiyo kalamu."

Mchungaji alimwangalia bibi kwa muda, kama mtu aliyeletewa habari mbili kwa mara moja. "Nitakuja na ukiwa mzima, bibi," alisema. "Hilo tutalizungumza." Kisha akamgeukia Mama Pindo. "Nyumbani ni wapi?"

"Ratiba, Mchungaji," Katibu alisema. "Bado nyumba tano."

"Katika hao watano, Katibu, una hakika ni nani bado anaumwa?"

Katibu hakuwa na hakika na hata mmoja. Akafunga faili, akawafuata.

*

Mzee Mita alisikia nyayo kabla pazia halijafunguka. "Nani kaniandika?" aliuliza.

"Hakuna aliyeandika," mkewe alisema. "Mchungaji nimemkamata kwa mikono."

Harufu iliwapokea. Katibu alitoa leso yake, ile ya kuonekana, akaibana puani, na baada ya muda mfupi akasema atasubiri mlangoni apate hewa. Mchungaji alibaki. Alisimama miguuni pa kitanda, akatoa kitabu chake cha sala mfukoni, akakifungua panapohusika.

"Kifunge kwanza," Mzee Mita alisema.

"Naam?"

"Kifunge, kijana wangu. Nimewapeleka wachungaji watatu kwa wagonjwa kabla yako, na wote niliwafundisha. Kwanza unakaa. Mchungaji akisimama, mgonjwa anajua anaondoka. Kaa. Si hapo, hapo ni mbali, hapa, nikuone. Haya. Sasa uliza nimekula nini."

Mchungaji akakaa kwenye kiti cha cherehani, magoti yakagusa kitanda. "Umekula nini leo, mzee wangu?"

"Uji. Nimeutapika. Sasa uliza panapouma."

"Panauma wapi?"

"Funua uone. Usipopaona, utaomba juu ya nini?"

Mama Pindo alisogea kumsaidia, mumewe akamzuia kwa jicho. Mchungaji alifunua shuka mwenyewe. Akafungua kitambaa, mkunjo kwa mkunjo, mpaka mwisho. Uso ulimbadilika, machozi ya harufu yakamjaa, lakini hakugeuka wala hakuziba pua. Alitazama kwa muda mrefu. Alipomaliza alikifunga tena, vibaya, na Mama Pindo akamwonyesha namna ya kukaza.

"Sasa," Mzee Mita alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilitetemeka. "Nina swali. Nilimuuliza muuguzi, mguu ukishakatwa unakwenda wapi. Akasema tanurini. Pamoja na pamba za usaha na mabomba ya sindano, wanachoma takataka zote Jumamosi. Alisema hivyo hivyo, takataka. Mchungaji, mguu huu umeingia nyumba ya kila mtu katika kanisa lako. Umeingia kwa wenye kipindupindu, umeingia kwa waliofungiwa ndani na ndugu zao. Mimi nakuuliza: kanisa linanizika siku nikifa tu, au na mguu huu nao, kwa kuwa ni wangu, linauzika?"

Mama Pindo alikaa chini sakafuni. Kumbe ndilo hilo. Siku zote hizo, ndilo hilo.

"Ulishindwa kuniambia mimi?"

"Wewe ungesema mguu ni mguu."

"Na ndivyo ningesema! Mguu ni mguu, mimi namtaka mwenye mguu!" Alikuwa analia na kugomba kwa pamoja, na hakujali nani anamwona.

Katibu alikuwa ameingiza kichwa kupitia pazia. "Hakuna ibada ya kipande cha mtu," alisema nyuma ya leso. "Nakijua kitabu chote. Makaburi ya kanisa ni ya muumini aliyekamilika."

"Aliyekamilika humu ni nani, Katibu?" Mama Pindo aliuliza. "Wewe?"

"Lazima baraza likae. Bila baraza hakuna kaburi. Huo ndio—"

"Utaratibu," Mzee Mita alisema. "Ninaujua, niliuanzisha mimi ugonjwa huo."

Mchungaji alikuwa bado anautazama mkono wake juu ya kile kitambaa. "Sijui," alisema. "Ukweli ni huo, mzee. Chuoni hatukufundishwa. Kitabu hakisemi, au kinasema na mimi sijui ukurasa. Lakini jembe najua kulishika. Wewe kakatwe. Mguu nitauzika mimi mwenyewe."

"Makaburini?"

"Makaburini."

"Kwa sala?"

"Kwa sala."

Mzee Mita alimpima kwa macho, kama alivyozoea kupima watu wanaosema bomba lao halivuji. Kisha akapumua. "Mama watoto," alisema, "hiyo karatasi ya daktari iko wapi?"

*

Walimkata Ijumaa. Jumamosi asubuhi Mama Pindo aliandikishana na mhudumu wa chumba cha upasuaji, ambaye alimtazama kama mtu aliyekuja kuiba, akapewa mzigo wake katika mfuko mzito mweusi. Hakuupenda ule mfuko. Aliufunika kwa kitambaa cheupe alichokata usiku na kukikunja pindo pande zote nne, akaubeba mikononi kama anavyobebwa mtoto. Ulikuwa mzito kuliko alivyotarajia. Njiani hakumwamkia mtu.

Lango la makaburi lilikuwa na kufuli. Mbele ya kufuli alisimama Katibu, suti imenyooshwa, barua mkononi. Mchungaji alikuwa amefika na jembe, na alikuwa na watu. Mama Pindo hakuwa amemwalika mtu. Alikuwepo Bibi Nyonga, mama wa ufagio, na wengine ambao mumewe aliwahi kuketi nao vitandani mwao. Kumi na mmoja kwa jumla.

"Wazee wameagiza," Katibu alisema, akimpa Mchungaji barua. "Suala hili liletwe kwenye kikao cha mwezi ujao. Hawajakataa. Wameliahirisha."

"Ufunguo unao?"

"Ninao. Lakini siwezi kuutumia."

Mchungaji aliisoma barua mpaka mwisho. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mguu hausubiri kikao, Katibu," Mama Pindo alisema. "Wewe ndiye uliyeshindwa kuvumilia harufu yake ukiwa na leso."

Ukuta wa makaburi ulikuwa wa kufika kifuani. Mchungaji alivua koti, akalitundika kwenye lango pembeni ya kufuli, akatupa jembe ng'ambo, akaparamia. Suruali ilipasuka mahali, kila mtu akasikia, na hakuna aliyecheka ila Bibi Nyonga. Kisha akageuka, akanyoosha mikono juu ya ukuta.

"Nipe, mama."

Mama Pindo akampa. Akapandisha vazi lake juu ya magoti, mwanamke wa miaka hamsini na nane, fundi wa kuheshimika, akaruka ukuta wa kanisa lake mwenyewe mchana kweupe. Nyuma yake wakafuata wengine, wakivutana na kusukumana. Bibi Nyonga alisaidiwa na watu wawili.

"Nitaandika taarifa!" Katibu alipaza sauti. "Majina yote!"

"Andika," Mama Pindo alijibu bila kugeuka. "La kwanza liwe langu. Mimi ni wa nyumbani kwake."

Mchungaji alichimba mwenyewe. Walipotaka kumpokea jembe alikataa, mpaka malengelenge yalipompasuka, ndipo akakubali zamu. Hakufungua kitabu. Alisema kwa maneno yake kwamba wanaurudishia udongo sehemu ya mtu aliyekwenda kwa wenye shida bila kuitwa, na akamwomba Mungu awasamehe waliosubiri kuitwa, akianza na yeye. Wakaimba ubeti mmoja, wakafukia.

*

Alasiri Mama Pindo alikuwa wodini, amekaa karibu, kama alivyosikia inavyotakiwa. Mumewe alifumbua macho mara kadhaa kabla hajamtambua. Shuka ilikuwa bapa pale ambapo zamani ilikuwa na mguu. Daktari alikuwa amepita, amesema damu ni safi.

"Kafanya?" Mzee Mita aliuliza.

"Kafanya."

"Makaburini?"

"Makaburini. Lango lilifungwa, tumeruka ukuta."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Alimtazama mke wake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza, midomo ikimkauka. Akaomba maji, akanywa kidogo. "Walikuja wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja? Kwa mguu tu?"

"Kwa mguu tu."

Mzee Mita akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha kuumia, kilichomfanya ashike ukingo wa kitanda, lakini mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuka kutazama. Alipopata pumzi tena alimshika mkewe mkono.

"Basi waambie wasikae roho juu," alisema. "Hiki kilichobaki watakisubiri sana."